Chati au vitabu vya kampuni? Ulinganisho kwa anayetaka kuchagua hisa DSE akiwa Arusha au Moshi

Tangu watu waanze kununua hisa kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, app ya soko la hisa, kuna swali limekuwa gumzo sana hapa Arusha, hasa kwa machalii waliotokea kwenye foreksi. Ile elimu ya kusoma chati, mishumaa (michoro ya mwendo wa bei kila kipindi), sapoti na rezistansi (bei ambapo hisa inagoma kushuka au kupanda), naweza kuihamishia kwenye soko la hisa la Dar es Salaam (DSE) nikachagua hisa nzuri? Au ni lazima nikae na vitabu, yaani ripoti za hesabu za kampuni, nihesabu faida na gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa) na madeni, kama wanavyofanya wazee wenye hisa zao tangu 2009? Nimeona niziweke hizi njia mbili bega kwa bega, kwa sababu watu wengi wanachukua njia fulani kwa vile rafiki yao anaitumia, hawaangalii kama inafaa kwa soko lenyewe na kwa hela waliyonayo, na hela yenyewe ni ya jasho, mtu kauza mahindi au kamaliza msimu wa watalii anatafuta pa kuiweka.

Msimamo wangu nausema mapema ili usinisome kwa kubahatisha: kwa DSE, vitabu ndo vikuambie ununue hisa gani, na chati ikusaidie kujua ununue lini, tena kwa hisa chache tu zenye mzunguko wa kweli, yaani zinazonunuliwa na kuuzwa sana. Sasa nieleze kwa nini.

Chati inataka nini ili ifanye kazi

Wazo la chati ni kwamba bei imeshabeba kila kitu ambacho watu wanakijua na wanachokiogopa, kwaiyo ukisoma mwendo wa bei unasoma watu. Charles Dow alianza kuandika mambo ya mwendo wa bei za hisa kule New York mwishoni mwa karne ya 19, na mishumaa hii mnayoiona kwenye simu asili yake ni wafanyabiashara wa mchele Japani, karne ya 18. Hamna uganga hapo, ni kumbukumbu ya kilichofanyika sokoni. RSI, indiketa ya kupima kasi ya bei, ilikuja 1978, mtu anaitwa Wilder, inapima siku 14, ikivuka 70 wanasema hisa imenunuliwa kupita kiasi, ikishuka chini ya 30 wanasema imeuzwa kupita kiasi. Muving aveji za siku 50 na siku 200 nazo ni hesabu tu ya wastani wa bei, ya 50 ikiikata ya 200 kwenda juu watu wanaona trendi, yaani mwelekeo wa bei, imegeuka.

Ila vyote hivi vinasimama juu ya sharti moja, kwamba kila siku kuna watu wengi wananunua na kuuza. Kwenye dola na yuro sharti hilo lipo muda wote. Kwenye DSE sasa, fungua chati ya TBL, wale wa bia, ya miaka ile ya kuanzia 2019 kuendelea, utakuta bei imekaa 10,900 muda mrefu mpaka unadhani intaneti imekata. TCC, wale wa sigara, nao walikaa 17,000 hivo hivo. Hapo hakuna mshumaa wala sapoti, kuna mstari tu. RSI yenyewe inalinganisha wastani wa siku za kupanda na wastani wa siku za kushuka, na kama hakuna siku iliyopanda wala iliyoshuka unagawanya sifuri kwa sifuri, indiketa haina cha kukwambia kabisa.

Na bei iliyotulia haimaanishi kampuni imetulia, hapa ndo naomba watu wawe makini sana. Precision Air ni shirika lililoanzia hapa hapa Arusha miaka ya 90, mwaka 2011 liliuza hisa kwa umma kwa shilingi 475, na wengi wa kanda hii walinunua kwa mapenzi kwa sababu ni ndege wanayoijua. Ukiangalia chati yake kwa muda mrefu unaona mstari ulionyooka, hauna vurugu yoyote. Ukifungua vitabu unakuta hasara zilizolimbikizana miaka na miaka mpaka madeni yakazidi mali. Chati ilinyooka kwa sababu hakuna aliyekuwa ananunua, basi. Mtu aliyeisoma kwa chati peke yake angeweza kusema hii hisa ina uthabiti.

Kitu kingine ni voliumu, yaani idadi ya hisa zilizouzwa. Kwenye chati tunafundishwa voliumu ikipanda ghafla ujue wakubwa wanaingia. DSE ina biashara za mafungu makubwa ambazo mnunuzi na muuzaji wameshakubaliana pembeni, unakuta mfuko mmoja wa nje unamuuzia mfuko mwingine hisa milioni kadhaa kwa siku moja. Kwenye chati inaonekana kama moto umewaka, kumbe ni watu wawili tu wamemalizana na kesho yake soko limerudi kimya kama jana. Kabla hujaamini voliumu soma ripoti ya soko ya siku hiyo uone kama ni mauzo ya kawaida au ni fungu.

Gharama, hapa ndo foreksi na DSE zinaachana kabisa

Broka anachukua hadi asilimia 1.7 kwa miamala ya milioni 10 za kwanza, juu yake kuna VAT, na kuna vipande vidogo vya soko lenyewe, vya mamlaka ya masoko ya mitaji na vya hifadhi ya hisa. Ukijumlisha unafika kama asilimia 2 na pointi kadhaa ukinunua, na nyingine kama hiyo ukiuza. Chukua laki tano. Kuingia kama elfu 11 na ushee, kutoka kama elfu 11 na ushee, yaani bei inabidi ipande karibu asilimia 5 ndo urudishe hela yako ile ile, hujapata hata mia. Afu malipo ya mauzo yanakamilika baada ya siku 3 za kazi, na huwezi kuuza kwanza ukanunua baadaye bei ikishuka kama mlivyozoea kwenye foreksi. Mwekezaji mdogo wa DSE anapata kwa njia mbili tu, bei ipande au gawio liingie.

Kwaiyo mtu anayeingia na kutoka kila wiki kwa kufuata ishara za chati, hata kama ishara zake ni sahihi mara nyingi, makato yanamla polepole. Hili peke yake linatosha kuiondoa ile staili ya kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa. Chati inayobaki na maana hapa ni ya miezi na miaka, ile ya dakika 15 isahau.

Vitabu vinakuambia nini ambacho chati haiwezi

Ngoja nichukue mfano wa kweli na namba, benki mbili ambazo kila mtu anazijua. Mwishoni mwa 2023 hisa ya CRDB ilikuwa kama shilingi 460, na ya NMB kama 4,500. Ukiweka chati zao pamoja zote zilikuwa zinapanda, zote juu ya wastani wa siku 200, mtu wa chati angesema zote nunua, au angechagua kwa rangi.

Vitabu vikasema hivi. CRDB mwaka huo ilipata faida baada ya kodi ya kama bilioni 424, hisa zake ni kama bilioni 2.61, kwaiyo kila hisa moja ilikuwa nyuma yake na faida ya kama shilingi 162. Gawa 460 kwa 162 unapata chini kidogo ya 3, yaani unalipia faida ya miaka isiyofika mitatu. Gawio lilikuwa shilingi 50 kwa hisa, karibu asilimia 11 ya bei, na kodi ya zuio kwa kampuni zilizoorodheshwa ni asilimia 5 tu ya gawio, kwaiyo unabaki na 47.50 mkononi. NMB yenyewe ilipata kama bilioni 545, hisa zake ni milioni 500, faida kwa kila hisa kama 1,090, ukigawa bei unapata kama 4, na gawio la shilingi 361 ni kama asilimia 8. Zote mbili nzuri, NMB ina faida kubwa kuliko mwenzake, lakini kwa kila shilingi unayoitoa CRDB ilikuwa inakupa zaidi. Mwaka uliofuata CRDB ilivuka 600 na NMB ikavuka 5,000, ukipiga asilimia unaona nani alikimbia zaidi.

Hesabu hiyo ni ya dakika kumi, haihitaji bando kubwa wala kompyuta. Faida kwa kila hisa wameshaiandika wenyewe kwenye ripoti, na benki zinatoa hesabu kila robo mwaka. Na sisi wa kanda hii tuna bahati ambayo wengi hawaitumii: mkutano mkuu wa wanahisa wa CRDB unafanyika hapa AICC mwezi wa tano, ukiwa na hisa zako chache tu una haki ya kuingia, kukaa na kuuliza swali kuhusu mikopo chechefu, ile isiyolipwa vizuri, mbele ya bodi nzima. Nimewaona kina mama wa Tengeru na wazee waliopanda Coaster kutoka Moshi wanauliza maswali makali kuliko wachambuzi. Mtu anayekaa Sakina anashinda anachora mistari kwenye simu na mkutano uko mji mmoja na yeye, mimi namshauri avae shati aende.

Mnada wa kahawa Moshi ulijengwa kwa mpango huo huo: wanunuzi wanaonja kikombe na kujua daraja la kahawa kwanza, ndo baadaye wanabishana bei. Kuonja ni vitabu, bei ni chati.

Ila vitabu navyo vina udhaifu, tusifichane

Udhaifu wa kwanza ni kwamba vinachelewa. Unasoma Aprili kilichotokea mwaka jana. Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, hisa inaweza kuwa rahisi na ikabaki rahisi miaka. Angalia tena CRDB, iliuzwa kwa umma 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2017 faida yake ilikuwa imeshuka mpaka kama bilioni 36, 2018 ikawa kama 64, 2019 ikapanda hadi kama bilioni 120, yaani zaidi ya mara tatu ndani ya miaka miwili. Na bei 2019? Chini ya ile 150 ya mwanzo. Vitabu vilikuwa vinapiga kelele, soko limelala. Aliyenunua kwa vitabu wakati huo alikaa akiangalia hela haisogei, huku jirani yake anajenga fremu za kupangisha Kwa Mrombo, na wengi waliuza kwa kukata tamaa kabla bei haijaanza kutembea.

Hapo ndo chati ilikuwa na kazi yake ya heshima. Mtu aliyesoma vitabu akajua hii kampuni imeamka, afu akasubiri bei yenyewe ianze kupanda na oda za kununua ziwe nyingi kuliko za kuuza, angeingia kama 2021 kwa bei ya juu zaidi, angekosa kipande cha kwanza cha faida, lakini hela yake ingekuwa inafanya kazi nyingine huku anasubiri. Kwa mtu mwenye hela ya mawazo, yaani hela ambayo inaweza kuhitajika ada Januari, huo ni mpango wa busara kabisa na siuoni kama ni woga.

Udhaifu wa tatu, vitabu havioni serikali inapanga nini. Vodacom iliuza hisa 2017 kwa 850, watu wengi wakanunua, kampuni kubwa, wateja mamilioni, M-Pesa kila kibanda. Baadaye likaja zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole, laini nyingi zikafungwa, na mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ikaripoti hasara. Hakuna ukurasa wa vitabu vya 2017 uliokuwa na hilo, na kwa kweli hakuna chati iliyokuwa nalo.

Upepo wa soko zima

Hapa ni kitu cha tatu ambacho watu wanakichanganya na chati, trendi ya soko lote. Kwa Tanzania upepo mkubwa unatoka kwenye hatifungani za serikali, yaani pale unapoikopesha serikali ikulipe riba. Mwaka 2022 kuponi, yaani riba, ya hatifungani mpya ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Fikiria mfuko wa pensheni au mtu mwenye milioni 200 zake, jana alikuwa anapata karibu 16 bila presha, leo anapewa 12 na nusu, wakati benki inayokua inalipa gawio la asilimia 10 na bei inaweza kupanda juu yake. Hela lazima ianze kuangalia upande wa hisa. Ukiona riba za hatifungani zinapandishwa tena ujue upepo unaweza kugeuka, na hilo utalisikia kwenye matangazo ya minada ya Benki Kuu mapema kabla halijachorwa kwenye chati yoyote.

Upepo mwingine ni wa msimu. Kampuni zikitangaza gawio watu wanakimbilia kununua kabla daftari la wanahisa halijafungwa, bei inapanda, na baada ya tarehe ile bei inashuka kwa sababu mnunuzi mpya hapati gawio la mwaka huo. Mtu wa chati ambaye hajui kalenda ya gawio anaona sapoti imevunjika, anauza kwa hofu. Hakuna kilichovunjika, gawio limetoka tu kwenye bei. Kabla hujasoma chati ya hisa yoyote ya DSE andika pembeni tarehe za gawio zake, hii naisisitiza mno.

Afu kuna habari za kampuni kununuliwa. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni ya kundi moja na wenye Twiga Cement, inataka kuichukua Tanga Cement, mwaka 2022 baraza la ushindani likazuia, na sakata likaendelea mpaka kampuni ya Amsons ikaja kuingia. Kipindi chote hicho chati ya Tanga Cement ilikuwa inafuata mahakama na matangazo. Hisa ikiwa kwenye hali hiyo mimi naona mwekezaji mdogo akae pembeni, awe wa chati au wa vitabu.

Sasa wewe uchague ipi

Kama wewe ni kijana wa foreksi na una laki tatu, na unachopenda ni kuingia na kutoka, DSE haikufai kwa staili hiyo, nasema kwa nia njema. Tumia jicho lako la chati kwa hisa zenye mzunguko kama CRDB na NMB tu, angalia chati ya wiki au mwezi, na ufanye maamuzi mara chache kwa mwaka. Utakuta ujuzi wako wa subira na wa kupanga bei ya kuingia unakusaidia kuliko indiketa zenyewe.

Kama wewe ni mama mwenye duka Soko Kuu au mwalimu kule Marangu, unaweka kidogo kidogo kila mwezi kwa ajili ya watoto, chati iache kabisa kwa sasa. Jifunze vitu vinne: faida kwa kila hisa miaka mitano mfululizo, gawio linakua au linasuasua, bei ni mara ngapi ya faida, na kama ni benki mikopo chechefu ni asilimia ngapi. Kampuni ikipita hapo nunua kidogo kidogo bila kujali wiki hii bei iko wapi, maana unaponunua kila mwezi unapata bei ya wastani wa mwaka mzima na lile swali la lini linapungua uzito. Na ukija kuuza, faida inayotokana na kupanda kwa bei ya hisa za DSE kwa mkazi mwenye hisa chache haina kodi ya ongezeko la mtaji, kwaiyo muda uko upande wako.

Kama una hela kubwa kidogo, milioni 10 kwenda juu, tumia zote mbili kwa mpangilio huu: vitabu vikupe majina matatu au manne, upepo wa riba ukwambie uingie nusu au yote, na chati ikupe bei ya kuweka oda. Na kwa kiasi hicho angalia pia oda zilizosimama, kama wanaouza wana hisa elfu 2 tu kwa bei hiyo na wewe unataka elfu 15, ukilazimisha utaipandisha bei mwenyewe. Gawanya oda, weka bei ya kikomo (bei ya juu kabisa unayokubali kulipa), mpe broka wiki kadhaa.

Na kama huna muda wa kusoma lolote kati ya haya, una safari za mlimani au shamba linakusubiri, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS ipo tangu 2005 ilipoanza na mfuko wa Umoja, kuna wasomi wanakusomea vitabu na kuangalia soko, wewe unanunua vipande kwa simu na ukitaka hela yako unaomba kuuza bila kumtafuta mnunuzi.